Siku Tatu za Akiba ya Theluji

Jumatatu, 5 Januari

Shule zimefunguliwa. Nimerudi kwenye basi langu namba saba, na watoto wamerudi na makamasi yao.

Baada ya kula jioni mume wangu Lowell alibandua kila karatasi kwenye mlango wa friji, akabandika ramani ya Utah, jimbo la jangwa, na sumaku tano nyekundu. Kila sumaku ni hifadhi moja: Zion, Bryce, Capitol Reef, Canyonlands, Arches. Tunaondoka likizo ya Machi, Jumamosi tarehe 21, turudi Jumapili ya tarehe 29. Viwanja vya kupiga hema tulivipata Septemba, sote wanne tumekaa mezani, kila mtu na simu yake, tunangoja saa tatu kamili asubuhi wafungue maombi. Aliyefanikiwa ni binti yetu Signe. Ana miaka kumi na bado anatusimanga.

Safari ni ya Baba. Arvid Haugen alikamua ng'ombe mara mbili kwa siku kwa miaka arobaini na mmoja, hata siku tuliyomzika Mama alikamua kwanza. Hajawahi kulala nje zaidi ya usiku mmoja. Ng'ombe aliwauza, na sasa macho ndiyo yanayoondoka. Ugonjwa umeanza kumla katikati ya macho: akikutazama usoni anaona doa, pembeni bado anaona. Lakini doa linapanuka. Daktari hakutaja tarehe. Alisema tu, "Kama kuna kitu mnataka akione, msingoje vuli."

Nilimuuliza Baba kwa nini jangwa, si bahari, si milima.

"Nimechoka na majani," akasema. "Nataka kuona nchi ambayo hata Mungu hakutegemea mtu aikamue."

Jumatano, 7 Januari

Nyuzi kumi na nane chini ya sifuri. Basi liliwaka kwa shida.

Ijumaa, 9 Januari

Siku ya kwanza ya theluji. Lowell amefunga shule.

Mume wangu ndiye mkuu wa elimu wa wilaya yetu hii yenye shule mbili. Kila hali ya hewa ikichafuka huamka saa kumi alfajiri, huzunguka barabara za mashambani na pikapu yake, humpigia simu Duane wa greda la kukwangua theluji, na saa kumi na moja na nusu huamua. Akifunga, wazazi wanamlaani kwa sababu wana kazi. Asipofunga, wanamlaani kwa sababu wana watoto. Mjini wanamwita Lowell Mtelezo. Mimi sijawahi kumwita hivyo, ila mara mbili.

Kalenda ina siku tatu za akiba ya theluji, za kufunga shule bila kuzifidia. Zikiisha, kila siku ya kufunga inakatwa kwenye likizo ya Machi, kuanzia Jumatatu yake. Kanuni ya bodi. Lowell mwenyewe ndiye aliyeiandika, miaka minne iliyopita, na akapongezwa kwa biskuti.

Zimebaki mbili. Baridi yote bado iko mbele.

Jumanne, 20 Januari

Ya pili. Upepo.

Jumatano, 21 Januari

Ya tatu. Upepo uleule. Akiba imekwisha na Januari haijaisha.

Jana nilipokuwa nakunja nguo nilikuta nguo za kulalia za Signe zimegeuzwa, ndani nje. Nikamwita.

"Umevaa hivi usiku?"

"Darasa zima tumekubaliana, Mama. Ukivaa ndani nje, theluji inakuja. Na kijiko chini ya mto."

"Na kijiko uliweka?"

"Vitatu."

Nilimweleza habari ya likizo, na siku zinavyokatwa. Akauliza, "Kwa hiyo ni mimi ninayemnyima Babu jangwa?" Nikamwambia hapana, ni mawingu. Jioni vijiko vilikuwa vimerudi kwenye droo, na mtoto amelala na nguo zake zimekaa sawa, vifungo vyote mpaka shingoni.

Jumatano, 4 Februari

Amefunga. Jumatatu ya likizo imekwenda.

Tulikaa mbele ya friji kama baraza la wazee. Kwenda ni siku mbili, kurudi mbili. Zion na Bryce ziko mbali zaidi, kwa hiyo ndizo zilizotolewa. Lowell alizibandua sumaku mwenyewe, mikono yake ikiwa na aibu.

"Bwana Mkuu," Baba akamwambia (hivyo ndivyo anavyomwita tangu tulipooana, na si kwa heshima), "miamba ni miamba. Nikiona mmoja vizuri unanitosha."

Nilikasirika. Theluji ya leo ilikuwa nusu kiatu. Niliendesha basi kwenye mbaya zaidi ya hiyo kabla Signe hajazaliwa, wakati wa mkuu aliyekuwepo, mzee ambaye hakuogopa kitu. Lowell anaogopa mno. Ni mtu mwema, lakini ukimwonyesha unyoya wa kuku ataona dhoruba. Nimeliandika hapa ili nisimwambie.

Jumamosi, 7 Februari

Baba amemwaga kahawa pembeni ya kikombe na hakujua. Nilifuta kimya kimya. Akasema, "Nakusikia unavyofuta."

Alhamisi, 12 Februari

Barafu juu ya lami. Amefunga. Jumanne imekwenda.

Capitol Reef na Canyonlands zimetolewa. Imebaki Arches peke yake, na ramani nzima ya Utah imekuwa na doa moja jekundu. Jumatano na Alhamisi kwenda, Ijumaa tuko kule, Jumamosi na Jumapili kurudi. Siku moja ya jangwa kwa siku nne za barabara. Ikikatwa moja tu, hakuna safari.

Signe alisema tumtume Babu kwa ndege. Baba akasema hapandi kitu asichoweza kushuka akikichoka. Na nani ampeleke? Madereva wa basi hapa ni sita, na wa akiba hakuna hata mmoja tangu Gladys avunjike nyonga. Nikikosekana, watoto wa njia ya saba hawaendi shule. Ndiyo maana safari yetu imefungwa kwenye likizo kama ndama kwenye nguzo.

Jumatano, 18 Februari

Baba ameacha kusoma gazeti. Anasema halina kitu. Limeanza kukosa kitu tangu Jumapili.

Jumanne, 24 Februari

Naandika nikiwa nimekaa kitandani, miguu ndani ya ndoo ya maji ya moto. Nitaandika yote, kwa sababu nisipoandika nitaanza kulisimulia kwa namna inayonipendeza.

Lowell alirudi saa kumi na moja alfajiri, theluji kwenye masharubu. Alikaa mezani bila kuvua koti.

"Barabara ya tisa siioni, Marit. Naona nguzo moja, halafu sioni ya pili."

Nilikuwa namimina kahawa. Sikugeuka. Nikasema, "Mwaka jana pia hukuiona, na hakuna aliyekufa. Wewe ukiona unyoya wa kuku unafunga shule."

Nilikuwa nimeapa kutolisema hilo. Likatoka, na sikulirudisha. Baba alikuwa mlangoni kwenye soksi zake, na Lowell alimtazama Baba, siyo mimi. Halafu akasema, "Haya. Tutachelewa kwa saa mbili. Mpaka hapo Duane atakuwa amepita."

Nilifurahi. Naliandika hivyo hivyo: nilifurahi.

Saa tatu na nusu nilikuwa kwenye barabara ya tisa na watoto tisa ndani ya basi. Duane alikuwa amepita kweli, lakini upepo uligeuka kutoka kaskazini ukarudisha barabarani theluji yote aliyoikwangua. Kulikuwa na barabara, halafu hakukuwa na barabara. Hakukuwa na boneti ya basi. Nimeendesha miaka kumi na tisa na sijawahi kuona weupe kama ule, usio na juu wala chini. Ukisimama, anayekuja nyuma anakugonga. Ukienda, hujui unakwenda wapi. Nikaenda mwendo wa mtu anayetembea, dirisha wazi, kichwa nje, nikitafuta visanduku vya barua vya watu pembezoni. Nilikiona cha akina Lindahl. Baada ya hicho sikuona kingine.

Gurudumu la nyuma la kulia likashuka mtaroni. Basi likainama, likakaa. Hakuna aliyeumia. Mtoto mmoja alicheka, mmoja akaanza kulia, na Tilda wa chekechea akajikojolea akaniambia kwa sauti ndogo, "Samahani, Mama Basi." Nikamvua suruali nikamfunga skafu yangu ya sufu kiunoni kama kanga. Nikawakusanya wote viti vya mbele, wakubwa nje, wadogo katikati, kwa sababu ilibidi injini nizime kila baada ya dakika kumi. Sikujua kama bomba la moshi limefunikwa na theluji, moshi ukaturudia ndani.

Nilishika redio. Sauti iliyojibu ilikuwa ya Lowell.

"Saba, uko wapi?"

"Sijui."

Nimeishi naye miaka kumi na saba na sijawahi kumpa jibu hilo kwa swali lolote.

"Sawa," akasema. "Umepita kisanduku cha Lindahl?"

"Nimepita."

"Ulihesabu muda?"

"Kama dakika nne. Tano."

"Basi uko kabla ya kalvati. Duane anakuja, na mimi niko nyuma yake. Niambie majina ya watoto, mmoja mmoja, na kila mmoja aniambie alichokula asubuhi."

Alituweka hivyo saa moja na dakika hamsini. Alijua kila nguzo ya barabara ile, kila kalvati, kila mahali upepo unapopiga pasipo na miti. Nikaelewa, kwa kuchelewa, alikuwa wapi kila alfajiri ambayo mimi nilikuwa kitandani nikimwita mwoga. Alikuwa hapa, peke yake, gizani, akiuliza barabara swali ambalo mimi leo sikuweza kulijibu na watoto tisa mgongoni. Mdomo uliponza kichwa, wanasema. Wangu ungeponza vichwa tisa ambavyo si vyangu.

Greda lilitokea mita tano mbele ya kioo, na taa zake zote. Lowell alishuka pikapu akiwa hana kofia. Aliwabeba watoto mmoja mmoja mpaka kwenye magari. Mimi alinibeba kwa macho tu, mwisho kabisa.

Jioni nilimwambia, "Nilikusukuma."

"Hukunisukuma." Alikuwa ananisugua miguu. "Mkuu ni mimi. Nilimtazama baba yako, nikaacha kuwatazama watoto. Nilitaka aone ule mwamba, Marit. Nilitaka kiasi kwamba nilijidanganya naiona barabara."

Nililia kwenye ndoo.

Jumatano, 25 Februari

Mama yake Tilda amenirudishia skafu, imefuliwa, na mkate. Hakusema kitu kibaya. Ningependa angesema.

Ijumaa, 27 Februari

Mjini hawamwiti Mtelezo tena. Wanamwita kwa jina kamili, na hilo ni baya zaidi. Barua mbili zimekwenda kwa bodi.

Lowell amechelewa kurudi leo. Alisema ana kazi kwenye karakana ya mabasi.

Jumatatu, 2 Machi

Amechelewa tena. Alirudi na grisi kwenye shati.

Alhamisi, 5 Machi

Redio ilitangaza tangu jana. Lowell alitoka saa kumi alfajiri, na safari hii nilivaa koti nikaenda naye. Hakuuliza. Tulizunguka barabara ya tisa, ya kumi na mbili, na ile ya kanisani. Alizima taa kubwa ili tuone vizuri zaidi, na tukaona kile kilichokuwepo. Theluji ilikuwa nzuri, laini, hata hasira haikuwa nayo. Ilikuwa tu nyingi, na chini yake kulikuwa na barafu.

Tulisimama kwenye njia panda ya kanisa. Injini inanguruma. Simu yake iko mkononi, na hakubonyeza.

"Iondoe safari kichwani," akasema. "Kama tusingekuwa na safari, tungefanya nini?"

"Ungefunga."

"Nataka useme wewe."

Nilimfikiria Baba, pengine ameshaamka, amekaa jikoni gizani kwa sababu kwake taa haina tofauti kubwa. Nilimfikiria kwa dakika nzima. Nikasema, "Funga, Lowell."

Akafunga. Tulirudi nyumbani. Jumatano ya likizo imekwenda, na safari nayo.

Baba alikuwa jikoni kweli. Hakungoja tuvue viatu.

"Amefunga?"

"Nimefunga, Mzee."

"Barabara mbaya?"

"Mbaya."

"Ulifanya kama inavyotakiwa," Baba akasema, akanyoosha mkono kutafuta kikombe chake na kukikosa kwa kidole kimoja. Akajaribu tena. Sikumsaidia, kwa sababu ningemsaidia angejua naona.

Signe aliibandua sumaku ya mwisho. Alitaka kuitupa. Baba akamwambia aiache, friji haina kosa.

Jumapili, 8 Machi

Nimefuta kiwanja cha kambi. Kompyuta iliniuliza mara mbili kama nina hakika.

Alhamisi, 12 Machi

Leo nilimkuta Baba dirishani, uso ameugeuzia ukutani. Nikadhani analia. Kumbe anatazama ndege kwenye kibao cha mbegu. Ndivyo anavyotazama sasa: anaangalia pembeni ya kitu ili akione. Alisema tundu la katikati limekuwa kama sahani. Mwezi wa kumi na mbili lilikuwa kama sarafu.

Nilikwenda bafuni nikafungua maji.

Jumamosi, 14 Machi

Lowell aliweka karatasi mezani wakati wa kifungua kinywa, kati ya siagi na jamu. Leseni ya kuendesha basi la shule. Jina lake, picha yake, masharubu yake.

"Ilikuwa imekufa miaka sita," akasema. "Nimeifufua. Mtihani nilifeli mara ya kwanza."

"Ulifeli nini?"

"Kurudi nyuma."

Baba alicheka mpaka akakohoa. "Bwana Mkuu kaangushwa na rivasi!"

"Niliangusha koni nne," Lowell akakiri. Kisha akanigeukia. "Una siku tano za ruhusa hujazigusa, Marit. Njia ya saba nitaendesha mimi. Ninyi wawili mnaondoka Jumamosi ijayo, kama ilivyopangwa."

"Na wewe? Na Signe?"

"Shule ipo Jumatatu hadi Jumatano. Nimewanyima watoto mia nne likizo, siwezi kumpa wangu."

Signe alilia, akakimbilia chumbani, akarudi baada ya robo saa na orodha. Babu anatakiwa kuleta mchanga ndani ya kopo, amhesabie matao, na asimwache Mama aendeshe akiwa na njaa kwa sababu anakuwa mkali. Yote matatu ni ya haki.

Mimi nilibaki na kijiko mkononi. Kumbe jioni zote zile za grisi alikuwa anazungusha basi kwenye uwanja wa karakana, mtu wa miaka hamsini na moja, kati ya koni. Nilimwambia mbele ya wote kwamba nampenda. Kwetu hilo halisemwi kabla ya saa sita mchana.

Ijumaa, 20 Machi

Nimempa Lowell funguo za basi na maelezo. Tilda akae kiti cha mbele. Klachi hakuna, asiitafute.

Jumapili, 22 Machi

Tumefika. Giza. Maili elfu moja na mia mbili na Baba hajalala hata moja. Tangu Nebraska anauliza, "Bado kuna majani?"

Jumatatu, 23 Machi

Tuliingia Arches asubuhi mapema. Pale penye Windows, matao mawili makubwa yaliyo karibu na maegesho, kuna njia fupi iliyotandazwa vizuri. Nilimshika mkono hadi chini ya mwamba. Nikamkunjulia kiti.

Akakaa, akaugeuza uso wake wote, akautazama uwanja wa magari.

Watu walipita wakamshangaa. Nikajua tumechelewa, kwamba sahani imekuwa sinia na hataki kuniambia. Nikapiga magoti pembeni yake nikaanza kumsimulia, haraka haraka, kama mtu anayeuza kitu: kwamba mbele yake kuna ukuta mwekundu, kwamba una tundu kubwa katikati, kwamba mbingu inaonekana upande wa pili, ya buluu—

"Marit, nyamaza mwanangu. Nimegeuka ili niuone."

Nikakaa chini kando ya kiti chake.

Alikaa hivyo muda mrefu sana, shavu limeelekea mwamba, macho yameelekea magari. Kisha akasema, "Si mwekundu. Wewe unasema mwekundu kwa sababu umeambiwa. Chini ni rangi ya maini, halafu unapanda kuwa rangi ya ngozi ya nguruwe mchanga. Na hujanitajia kwamba kuna mtu amekaa ndani ya lile tundu, upande wa kushoto. Ana koti la njano. Anakula."

Nikatazama. Niliuona ukuta, niliiona mbingu. Kisha nikamwona mwanamke mdogo kama punje, koti la njano, anakula tofaa.

Nililia kwa sauti, na wapita njia wakatushangaa zaidi.

"Ng'ombe hapa angekufa kwa siku mbili," Baba akasema kwa furaha isiyo na mfano. "Hakuna hata jani. Hakuna hata moja."

Simu ikalia. Lowell.

"Ameona?"

"Ameona kuliko mimi."

Alipumua. Nilimsikia akipumua kutoka Minnesota.

"Kwa nini unapiga saa hii? Si uko kwenye basi?"

"Basi limelala. Theluji imeanguka inchi kumi na moja tangu jana jioni."

"Umefunga?"

"Nimefunga."

Baba alinyoosha mkono kuitaka simu. Safari hii mkono haukukosa. Aliishika kwa mikono miwili, uso bado kwenye magari.

"Lowell," akasema. Si Bwana Mkuu. Katika miaka kumi na saba sijawahi kulisikia jina hilo kinywani mwake. "Lowell, mwanangu, wewe ndiye ungepaswa kukaa hapa kwenye kiti hiki. Mimi ningekuendeshea basi."

Kisha Lowell akauliza kama tumekula.